Upande wa Chini wa Samaki

Yangjiang, 9 Aprili 1996

Mama Suqin,

Natumaini hamjambo, wewe na mama, na yule nguruwe. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Hoteli tunayoijenga imefika ghorofa ya sita, na saruji bado inapandishwa kwa mabega yetu.

Uliniambia nikitoka kwa wakwe nikuandikie kila kitu, kwa kuwa wewe hukuweza kuja. Haya, Jumapili Suqin alikuja kunichukua, nikaenda naye Zhapo anakofanya kazi. Ni mji wa wavuvi. Ukishuka kwenye basi, pua ndiyo inayopokewa kwanza.

Bahari nimeiona. Sijui nikuelezeje. Kwetu tunanawa uso watu wanne kwa kikombe kimoja, na yanayobaki anapewa nguruwe. Hapa maji yamelala tu, hayana mwisho wala mwenyewe, na hakuna anayeweza kuyanywa. Niliyaonja nikayatema. Shuisheng akacheka, akasema, "Baba, hiyo bado haijawa supu." Mkwe wako huyo ni mfupi kuliko nilivyotaka, amechomwa na jua, lakini mikono yake ni ya mtu anayefanya kazi. Soli za viatu ulizomtarizia alizitia viatuni palepale, akatembea mbele yangu kama jogoo.

Walinipeleka kwanza nyumba ya chai. Miguu ya kuku, ambayo kwetu hutupiwa paka, hapa huja ndani ya kikapu cha mvuke na mchuzi mwekundu, na wazee wanainyonya wakitema vifupa kama maganda ya mbegu za alizeti. Kuku mwenyewe wanamchemsha nusu, mfupa bado una damu, nao wanasema ndipo penye utamu. Supu huja kwanza, wali baadaye. Siki hakuna, pilipili hakuna. Nilitafuna kwa adabu huku nikiziwaza tambi zako.

Nilimmiminia chai Mzee Guan, babu yake Shuisheng, naye akagonga meza kwa vidole viwili, ko ko. Nikadhani ananiharakisha, nikamimina mbio hadi chai ikafurika. Akagonga tena. Suqin akaninong'oneza, "Baba, anakushukuru!" Ndiyo shukrani yao. Wacheke wao, na wewe cheka.

Mchana tulikula nyumbani kwao. Wakaleta samaki mzima, amelala kwenye sahani, kichwa kikinielekea mimi. Ndivyo wanavyomwelekeza mgeni wa heshima. Unamkumbuka samaki wa mti wa marehemu baba, yule wa mwaka mpya, tuliyekuwa tukimmwagia mchuzi ili tuulambe? Huyu alikuwa wa nyama.

Baada ya hapo nikarudi. Basi la mwisho halimngoji mtu.

Nakutakia afya.
Kou Mancang


Huining, 27 Aprili 1996

Baba Suqin,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta tarehe ya harusi. Nimekuta miguu ya kuku.

Mtu mwenye habari njema haanzii kwenye miguu ya kuku. Ulikwenda huko ili wazee wapange siku. Soli nilizitarizi majira yote ya baridi, macho yangu yakawa mekundu kama ya sungura, ili upangiwe siku. Sasa unaniambia samaki alikuwa wa nyama, kisha basi! Samaki kaletwa, halafu? Mlimla mkalala?

Suqin naye kaniandikia mistari minne. "Mama, usiniulize. Baba atakuambia." Mwisho karatasi imekunjamana kama iliyolowa.

Mama yako ameshawatangazia majirani kwamba mjukuu wake anaolewa na mtu wa bahari. Mke wa Baoshan akanijibu kisimani, "Bahari ni mbali, dada. Hata uongo ukitoka huko hufika umechoka." Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Umefanya nini? Ulilewa?

Mvua haijanyesha. Viazi tumepanda hivyo hivyo.

Cai Juxiang


Yangjiang, 10 Mei 1996

Mama Suqin,

Sikulewa. Nilikunywa vikombe vitatu, na cha mwisho nilikigeuza juu chini mezani kama tunavyofanya sisi kuonyesha imetosha. Hapo tu nyuso zikaanza kubadilika. Nikajisemea, hawa matajiri, wananionea choyo kwa pombe yao.

Halafu yule samaki. Walikula upande wa juu, mfupa ukabaki wazi, vijiti vikatulia. Nikaona upande wa chini mzima haujaguswa. Moyoni nikasema, wanauacha kwa sababu wanao wengi, lakini bibi wa nyumba hii, mke wa Mzee Guan, ametumikia watu tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Nikamshika samaki kwa vijiti viwili, nikamgeuza, nikasema kwa sauti ya furaha, "Huku ndiko kulikonona! Bibi, lete bakuli!"

Mama Suqin, meza ikafa. Mzee Guan akaweka vijiti vyake chini, akainuka, akatoka nje. Bibi akakimbilia uvumba. Suqin akajifunika uso. Na mimi niliyevaa shati lililokuwa bado na saruji kwenye kola nikaelewa: wananiona uchafu. Wanafukiza uvumba kuondoa harufu yangu.

Nikasimama. Nikamwambia Shuisheng awatafsirie, "Kwetu hata akija ombaomba, mwenye nyumba haondoki mezani kabla yake. Na binti yangu si samaki, aliwe upande mmoja aachwe." Nikamwacha Suqin kaketi pale, nikapanda basi peke yangu.

Basi ndiyo hiyo tarehe yako. Mwandikie Suqin aachane nao. Wanaume wapo hata nchi kavu.

Mancang


Zhapo, 16 Mei 1996

Baba,

Mama ameniambia kwa simu unataka niwaache. Sasa nitakuambia nililopaswa kukuambia kabla hatujashuka kwenye basi.

Kwa watu wa mashua, samaki aliye mezani ni mashua. Hageuzwi. Wakimaliza upande wa juu, wanainua mfupa taratibu, wanautoa, ndipo wanakula wa chini. Walikuwa wametulia wakimngoja babu autoe mfupa yeye mwenyewe. Kikombe na bakuli navyo havifunikwi mezani kwao. Mtu wa kwetu asipofunika bakuli anakula vumbi, najua. Wao wakiliona limefunikwa wanaona watu majini.

Baba yake Shuisheng alikufa mashua ilipopinduka, na mwili wake haukupatikana. Shuisheng alikuwa darasa la tatu. Babu alikuwamo, akaokolewa. Nyumbani kwao halitajwi.

Uvumba wa bibi ulikuwa kwa ajili ya Malkia wa Mbinguni, mungu wa kike wa wavuvi, awalinde. Haukuwa wa harufu yako.

Sheria hizi nilizijua. Shuisheng alinifundisha tangu mwaka jana. Nilikusudia kukueleza njiani, lakini ulikuwa umefurahi sana, umenyoa ndevu, unaniuliza kila mara kama kola yako imekaa sawa. Niliona haya kumfundisha baba yangu namna ya kula. Ulipomshika samaki ningeweza hata kupiga kelele. Sikupiga. Niliona haya tena, kwamba watajua hukufundishwa.

Tangu siku ile babu hajaenda baharini. Wapwa wake wawili wanaovua naye wamekwenda kwenye mashua za watu. Wanasema mashua ya Guan imeshageuzwa mezani, imebaki kugeuzwa majini. Jumapili nikienda kwao bibi ananipa chakula kama kawaida, ila ninapoosha vyombo ananitazama mikono, kama anayechungulia nimerithi nini.

Harusi haijakataliwa. Haisemwi tu. Shuisheng anasema tungoje. Mimi nimechoka kungoja, lakini usije, baba. Nakuomba usije.

Mwanao,
Suqin


Yangjiang, 20 Mei 1996

Suqin,

Nimesoma. Mnyapara amenipigia kelele mara mbili leo kwa kuwa nimesimama na ndoo ya zege mkononi kama sanamu.

Lile neno nililosema mlangoni, walitafsiriwa? Niambie kweli. Nililisema nyumbani mwa watu waliozika mtoto. Siyo, hata kumzika hawakumzika.

Usijilaumu. Mtoto hamfundishi baba kula. Baba ndiye angepaswa kuuliza.

Baba yako


Huining, 2 Juni 1996

Baba Suqin,

Suqin ameniandikia yote. Nimelia, kisha nimekukasirikia, na sasa nimechoka kukukasirikia peke yangu, kwa hiyo naandika.

Unamkumbuka yule fundi wa redio kutoka mjini aliyekula kwetu, akasimamisha vijiti wima katikati ya bakuli la mtama? Ulimpokonya bakuli mkononi! Ulimwambia, "Unamchomea marehemu uvumba mezani pangu?" Naye hakujua lolote. Alikuwa anatafuta pa kupumzisha vijiti. Sasa wewe ndiye fundi wa redio. Hakuna aliyekupokonya kitu. Mzee wa watu alitoka nje tu.

Nimesikia Suqin kakukataza kwenda. Ni mtoto, anaona haya. Nenda. Sisi tuna desturi moja ambayo nadhani hata bahari inaielewa: ukimwaga maji ya mwenzio, unakwenda kumtekea. Hutumi salamu, unakwenda na ndoo.

Sijui ndoo yako itakuwa nini. Fikiri. Una kichwa, japo unakitumia kubebea matofali.

Mama yako nimemwambia kwamba wanasubiri nyota nzuri. Ameridhika. Mimi ndiye ninayemkwepa mke wa Baoshan kisimani, nateka jioni wakati wenzangu wamekwisha kwenda.

Juxiang


Yangjiang, 8 Juni 1996

Kwa Mzee Guan,

Midomo yetu haielewani, lakini maandishi ni yale yale, basi nakuandikia bila kumsumbua kijana. Nilisoma darasa nne, ukikuta kosa ujue si dharau.

Nilikula kwako kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Sikujua, lakini kutojua kwangu hakujakurudishia kitu. Na lile nililolisema mlangoni sikulisema kwa kutojua. Nililisema kwa kiburi. Kwa hilo sina pa kuficha uso.

Nasikia huendi tena baharini na wapwa zako wamekukimbia kwa sababu ya mkono wangu. Mimi ni mtu wa mlima mkavu. Njia ninayoijua ya kuondoa shaka ni moja. Kwetu, anayechimba pango la kuhifadhia viazi hulala ndani yake yeye kwanza, ili wenzake wajue dari halitaanguka. Nipeleke kwenye mashua yako. Kama mkono wangu umeigeuza, na igeuke mimi nikiwamo. Isipogeuka, wapwa zako wataniona nimerudi.

Sitaki chakula. Nitakuja na mkate wangu. Usiponijibu nitaelewa, na kosa la baba naomba usiliandike kwenye jina la binti.

Kou Mancang, kibarua


Zhapo, 12 Juni 1996

Kou Mancang,

Jumapili, alfajiri, gatini. Vua viatu kabla ya kupanda. Usipige mluzi.

Guan


Yangjiang, 18 Juni 1996

Mama Suqin,

Niko nchi kavu. Naanza na hilo ili usome huku umeketi vizuri.

Sikukuandikia kabla kwa sababu ungeniambia sijui kuogelea, na mimi nalijua hilo.

Nilifika Zhapo Jumamosi, nikalala kituo cha basi ili nisichelewe. Gatini nilimkuta Mzee Guan, Shuisheng, Suqin na bibi. Wale wapwa wawili nao walikuwapo, wamechuchumaa juu ya marundo ya nyavu, wanavuta sigara, wamekuja kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Mjomba, umenunua nanga mpya? Hiyo nzito!" Mwenzake akaongeza jambo, watu wote gatini wakaangua kicheko. Shuisheng akakataa kunitafsiria. Nikamshikilia hadi akasema. Yule mtu alikuwa amesema, "Mfungeni mikono, asije akaigeuza mashua akitafuta nyama ya chini!" Nikawainamia. Walikuwa na haki yao.

Mzee alinitazama miguu yangu mitupu, akauliza, "Mkwe, unajua kuogelea?"

Nikasema, "Mzee, hata kuoga sijui vizuri, kwetu hakuna maji."

Shuisheng akasita, kisha akatafsiri. Mzee akasema, "Afadhali. Anayejua kuogelea hufa polepole." Hakucheka. Na mimi sikucheka.

Tulikuwa watatu tu, maana mashua inataka watu na watu walikuwa wamekataa. Bibi alimshika Shuisheng shati kwa nyuma. Mjukuu huyo ndiye mwanamume pekee aliyebakia kwake baada ya mzee. Hapo, Mama Suqin, ndipo nilipoiona aibu yangu urefu na upana wake. Mimi nilidhani nimekuja kutoa roho yangu ndogo. Kumbe nimemwomba yule bibi aweke mezani vyote alivyonavyo. Nilitaka kusema basi, tusiende. Lakini yeye akamwachia mwenyewe, akageukia upande wa hekalu la Malkia wa Mbinguni.

Sitakudanganya kuhusu bahari. Tulipotoka nje ya ukingo wa mawe nilitapika mkate, kisha maji, kisha nadhani nilianza kutapika vya mwaka jana. Nililala kifudifudi nimekumbatia nguzo. Shuisheng aliniletea tangawizi mbichi nitafune. Mzee alinipa kamba nishike, akasema nivute atakapopiga kelele. Nilivuta. Sijui kama kamba ile ilikuwa na kazi yoyote. Nadhani alinipa ili niwe na la kufanya. Samaki tulipata, si wengi wala si haba.

Wakati wa kurudi mzee hakuelekea mji. Alizunguka mbali, Shuisheng akaacha kunisemesha. Mahali fulani akazima injini. Hapakuwa na kitu, Mama Suqin. Maji tu kama mengine. Mzee akasimama kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, akazungumza na maji. Nikamuuliza Shuisheng anasema nini. Akaanza, "Anamwambia baba kwamba mkwe wake amefika, mtu wa milimani, hajui desturi..." Hakumaliza, akanipa mgongo.

Mzee akaja akachuchumaa mbele yangu. Alijua kwamba midomo haitatufikisha. Akachovya kidole baharini, akaandika juu ya ubao wa mashua. Maneno machache. "Ilipopinduka nilikaa juu yake. Yeye alikuwa chini."

Nikasoma. Jua likayakausha. Akachovya tena, akaandika, "Mchana kutwa nilikaa juu. Nilikuwa nasikia anagonga." Hayo nayo yakakauka.

Hakuondoka mezani kwa kunichukia. Nilipomgeuza samaki, wote walinitazama mimi, na yeye akadhani wanamtazama yeye. Alitoka nje kwa sababu hakuwa na pa kuuweka uso wake, kama mimi nilivyotoka baada yake. Wazee wawili tumekimbia meza moja kwa aibu, kila mmoja akidhani aibu ni ya kwake peke yake, tukawaachia watoto sahani.

Nikapiga magoti pale pale kwenye matapishi yangu, nikainamisha kichwa mara tatu, paji likagusa ubao. Si kwa mzee. Kwa yule aliye chini. Nilimwambia kwa lugha ya kwetu kwamba mimi ndiye baba yake Suqin, kwamba nilimtukania nyumba yake, na kwamba mwanawe ni kijana mwema ila mfupi. Mzee akauliza nimesema nini. Shuisheng akatafsiri hadi na ufupi wake. Ndipo mzee akacheka, akafuta macho kwa kiganja chenye magamba ya samaki, akawasha injini.

Tulipokaribia gati, wale wapwa walikuwa bado wapo. Mmoja akasimama, akanyoosha mikono. Shuisheng akamrushia kamba, akaidaka, akaifunga. Jana Suqin alipiga simu ofisini kwa mnyapara: alfajiri hiyo walikuwa wametoka wote wanne.

Harusi ni mwezi wa nane, kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu. Siku yenyewe bibi ataichagua hekaluni. Uza nguruwe, uje na mama kama miguu yake itakubali treni. Bahari msiionje, nimeshaionja kwa niaba yenu.

Usidhani aibu imekwisha. Nikibeba saruji ngazini namkumbuka yule bibi na shati la mjukuu mkononi, nakosea hatua. Naona itakaa nami, nami sitaifukuza.

Mzee anataka siku hiyo niketi mkono wake wa kulia, mbele ya mji wote. Nimekubali. Nitakula nitakachowekewa bakulini, na vyakula vinapopita, mikono yangu nitaikalia.

Mancang